Saa 2 usiku, nani ashike rimoti?

Wiki hii sina stori za mapenzi wala mitindo ya nywele. Nina kasheshe ya runinga. Na kama unadhani hiyo ni kasheshe ya watu wa Dar peke yao, njoo kwetu Nyamigogo, huku Kagera, ujionee.

Majuzi nilikuwa Rusumo, mpakani, kwa shughuli zangu. Yanga walikuwa wanacheza saa 1 usiku. Nikatazama simu: saa 12:05. Poa, muda upo! Nikaagiza ndizi na mishikaki, nikala kwa raha zangu. Kuingia banda la mpira na mia tano yangu mkononi, nakuta ubao unasoma 1-0 na mapumziko yamekaribia. Kumbe simu ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya mto, na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima! Washikaji walinicheka hadi basi.

Tangu siku hiyo najiuliza: hivi nani hasa anatupangia saa?

Jibu ni ushindani, msomaji wangu. Tazama majirani zetu wa Kenya. Citizen, KTN na NTV wote habari za Kiswahili ni saa 1 usiku, za Kiingereza saa 3, tamthilia zinabanwa katikati. Kila mmoja anamchungulia mwenzake. Huku kwetu ITV na TBC1 wanakutana saa 2 usiku uso kwa uso, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Kisha kuna Azam. Mei 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Ukishamwaga fedha hizo, utakubali mechi kubwa zigongane? Thubutu! Ndiyo maana utakuta moja saa 8 mchana, nyingine saa 10 jioni, nyingine saa 1 usiku. Na ile ya saa 1 inaisha karibu saa 3. Taarifa ya habari imekwishamezwa hapo.

Vita ya wakubwa ikahamia sebuleni kwetu. Dada anataka tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Mimi nataka mpira. Maza anataka habari. Runinga moja, betri ya sola moja! Tulijaribu kuweka zamu, lakini maza saa 2 yake haigusiki. Nilidhani ni ukorofi wa wazazi tu, mpaka mjomba aliponikalisha chini.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco ikafurika. Kamera za dunia nzima zikaja Ngara. Mwaka huohuo ndipo ITV ilipoanza Dar es Salaam, wakati Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu 1973. Baadaye Mwanza nayo ikapata Star TV, na sisi wa Kanda ya Ziwa tukatembea kifua mbele. Lakini mwaka ule wa 1994, huku kwetu picha haikufika. Watu wa London walituona, sisi wenyewe hatukujiona.

Maza wakati huo alikuwa binti. Mzungu mmoja mwenye kamera begani alimsimamisha, ndoo ikiwa kichwani, akampiga picha, akaenda zake. Mpaka leo maza hajaiona hiyo picha. Mjomba anasema ndiyo sababu habanduki kwenye taarifa ya habari: anangoja siku watakayoionyesha Ngara tena, safari hii naye akiwa anatazama.

Wenye vituo, shindaneni tu. Bila ninyi kushindana tungekuwa bado na chaneli moja. Lakini mnapogombania saa zile nzuri za usiku, mkumbuke kuna nyumba zenye runinga moja.

Jumamosi iliyopita Yanga walicheza tena saa 1 usiku. Ilipofika saa 2 kamili, nikampa maza rimoti mwenyewe, bila kuombwa. Tukatazama hadi mwisho. Ngara haikutajwa.

“Labda kesho,” akasema, akainuka kwenda kupakua chakula.

Haya, tuonane wiki ijayo. Na ukija Rusumo, saa ya simu iweke kwa mkono!