Mwalimu wa Rubens kwenye bamba la shaba: sura moja, chapa zisizofanana

Mzee mwenye ndevu, joho zito begani, macho yaliyokwisha kuona mengi. Huyo ni Adam van Noort, mchoraji wa Antwerp, mji wa Ubelgiji ambao sisi Wakongo tumezoea kuuita Anvers. Aliyemchora ni Anthony van Dyck, katika miaka ya 1630.

Van Noort hakumfundisha Van Dyck moja kwa moja. Alimfundisha Rubens, na Rubens ndiye aliyempokea Van Dyck kijana katika karakana yake. Jacob Jordaens naye alipita mikononi mwa mzee huyo, kisha akamwoa binti yake. Kwa hiyo Van Dyck alikuwa anamchora mwalimu wa mwalimu wake, tuseme babu yake wa kazi.

Bamba la shaba hupakwa nta, kisha mchoraji hukwaruza picha kwa sindano. Linapotiwa katika asidi, asidi hula shaba pale tu nta ilipotoka. Mistari hiyo hujazwa wino, karatasi yenye unyevu hubanwa juu yake, na chapa inatoka. Bamba likiguswa tena, hata kwa kuongezewa herufi moja, chapa zinazofuata huhesabiwa kuwa za hatua mpya. Ndiyo maana wakusanyaji huzitazama chapa hizi kama polisi anayekagua hati.

Katika michoro yake ya asidi, Van Dyck alitia nguvu usoni. Nguo aliziachia mistari michache ya haraka. Nyuma ya kichwa mara nyingi aliacha karatasi tupu. Sura hizo zilikuwa sehemu ya mkusanyo mkubwa wa picha za watu mashuhuri wa zama zake, lakini nyingi katika mkusanyo huo zilichongwa na mafundi wengine kwa kufuata michoro yake. Mchapishaji wa kwanza, Martin van den Enden, alitoa 80 za mafundi hao. Zile za mkono wa Van Dyck mwenyewe hazikuwamo.

Rubens alifariki mwaka 1640. Mwaka uliofuata wakafariki Van Noort na Van Dyck pia, huyu akiwa na miaka 42 tu. Hakubaki mtu wa kusema bamba lisiguswe.

Mwaka 1645 Gillis Hendricx alitoa mkusanyo wa picha 100, safari hii pamoja na zile za mkono wa Van Dyck. Majina yakaandikwa chini ya picha, pamoja na herufi G.H. za mchapishaji, ambazo wachapishaji wa baadaye walizifuta. Lililoharibiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni bamba la Van Dyck mwenyewe. Alikuwa amechora kichwa chake tu. Jacob Neefs akakigeuza kuwa sanamu juu ya nguzo, ili kiwe ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Van Noort alinusurika zaidi. Hata hivyo shaba huchakaa kila inapobanwa, na mistari myembamba ya usoni ndiyo hutangulia kufifia. Anayetaka kumwona mzee kama Van Dyck alivyomwona aombe chapa ya hatua ya kwanza, ile ambayo chini yake hakuna jina.