Je, Wajua? Kazi Ambayo Sifa Yake ya Kwanza Ni Kuwahi Kuugua

Karibu kila kazi ya hospitali huomba mtu mwenye afya njema. Ipo moja inayomtaka aliyewahi kulemewa na ugonjwa wa akili, au aliyezama kwenye pombe na dawa za kulevya akatoka, na ambaye yuko tayari kulisema hilo waziwazi. Ni kazi ya mhudumu rika. Huko Marekani kazi hii ina mafunzo, mtihani, cheti na mshahara.

Je, wajua ni jimbo gani lililotangulia? Si New York wala California, ni Georgia, kule kusini. Mwaka 1999 Georgia ilikuwa ya kwanza kuwalipa wahudumu rika wa afya ya akili kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2007 serikali kuu ikaweka masharti kwa majimbo mengine yaliyotaka kufanya hivyo: mhudumu awe na msimamizi, kazi yake iingie katika mpango wa matibabu wa mgonjwa, na awe amefunzwa na kupewa cheti. California ilipitisha sheria yake ya cheti mwaka 2020.

Mafunzo yenyewe si marefu. Mwaka 2023 SAMHSA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, ilipendekeza saa 40 hadi 60 za masomo na saa 120 za kazi chini ya msimamizi. Wapo watakaoona ni kidogo. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu hayo hayafundishwi darasani. Kinachofundishwa ni namna ya kuyatumia: kusikiliza bila kuhukumu, kusimulia habari zako pale tu zinapomfaa mwenzako, kutunza siri, na kujua kwamba siri hiyo ina mpaka mtu anapotaka kujiua. Mhudumu rika hatoi jina la ugonjwa, haandiki dawa, wala hamwambii mtu aache vidonge vyake. Hujifunza pia kujilinda, kwa sababu kusikiliza mateso ya wengine kila siku huweza kutonesha kidonda chake mwenyewe.

Je, wajua kwamba chama maarufu kuliko vyote vya walevi walioacha pombe kilianza kwa mtu aliyekuwa akitafuta kujiokoa mwenyewe? Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, naye alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Akiwa hotelini alisikia baa ikimwita. Badala ya kuingia, alianza kupiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alielekezwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walikaa saa kadhaa. Smith alikuwa ameshahubiriwa na wengi, ila safari hii aliyeketi mbele yake hakumhubiria, alimweleza yaliyompata yeye. Juni 10 mwaka huohuo, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Smith kunywa, ndiyo inayotajwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous. Mimi naona jambo kubwa katika kisa hiki ni kwamba aliyekwenda kusaidia ndiye aliyekuwa akihitaji msaada wakati ule.

Mizizi ya kazi hii ni ya zamani zaidi. Katika hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, Jean-Baptiste Pussin aliingia kama mgonjwa wa kifua kikuu cha tezi, akabaki, hatimaye akawa msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Aliajiri wahudumu kutoka miongoni mwa wagonjwa waliopata nafuu, kwa kuwa aliwaona wapole kuliko wengine. Sifa za kufungua minyororo ya Bicêtre hupewa daktari Philippe Pinel. Aliyeifungua ni Pussin, mwaka 1797, wakati Pinel ameshahamia hospitali nyingine.

Je, inafaa kweli? Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 11 yenye washiriki 2,796. Wagonjwa waliohudumiwa na watu waliowahi kuugua hawakuwa na matokeo mabaya kuliko waliohudumiwa na wataalamu wengine katika kazi zilezile. Hawakuwazidi sana pia. Ni jibu la kawaida, lakini linatosha kufuta hofu kwamba aliyewahi kuugua akili hawezi kukabidhiwa mgonjwa.

Na kwetu? Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kulazwa walifunzwa kuwatembelea wenzao waliotoka wodini. Utafiti wa kimataifa wa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018, uliijaribu huduma hii Kampala na Dar es Salaam, sambamba na miji ya Ujerumani, India na Israel. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilivitaja vikundi vya Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, shirika la watu wenye maradhi ya akili, kama mfano mwema wa kuigwa. Zanzibar na Tanzania Bara, nyumba nyingi za upataji nafuu zimeanzishwa na walioacha unga wenyewe. Wao huijua arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, kwa miili yao, na kijana anayetetemeka usiku wa kwanza huwasikiliza kwa sababu hiyo.

Wengi wa watu hawa hufanya kazi kwa kujitolea, au kwa posho ya mradi inayokatika mfadhili akiondoka. Wizara za afya za Afrika Mashariki ziwaandalie mtaala, cheti na mshahara, kama wanavyopewa wahudumu wengine wa afya. Nawe msomaji, ukiwa umepata nafuu na una nguvu ya kumsikiliza mwingine, uliza katika kliniki ya afya ya akili au nyumba ya upataji nafuu iliyo karibu nawe kama wanahitaji mtu.