Kubadilishana Wanafunzi: Fomu ya Ng'ambo Huja Mwisho

Ufadhili wa masomo na mpango wa kubadilishana wanafunzi ni vitu viwili tofauti, na kijana anayevichanganya hupoteza mwaka akibisha mlango usio wake. Kwenye ufadhili unaomba mwenyewe. Ukikubaliwa unahamia chuo cha ng'ambo na kurudi na shahada yake. Kwenye kubadilishana huhami. Unabaki mwanafunzi wa chuo chako, unakaa ng'ambo muhula mmoja au miwili, kisha unarudi na matokeo yanayoingizwa katika shahada yako ya hapa nyumbani. Kwa sababu hiyo huwezi kujipeleka mwenyewe. Chuo chako ndicho kinachokuteua na kupeleka jina lako. Mwana wa Diani au Msambweni anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, awe Tudor au kampasi ya Kwale, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ana kazi kubwa ya kufanya humu humu Pwani kabla hajaiona fomu ya kigeni.

Msingi wa yote ni mkataba. Vyuo viwili hutia saini kwamba kila kimoja kitapokea wanafunzi kadhaa wa mwenzake bila kuwatoza karo: unalipa karo kwenu kama kawaida, huko unasoma. Nafasi huwa chache, na aghalabu mkataba ni wa idara au kitivo fulani. Ule wa uhandisi haumsaidii anayesomea utalii. Erasmus, mpango mkubwa wa Umoja wa Ulaya, ulianza 1987 kwa ajili ya nchi za huko, ukafunguliwa kwa vyuo vya Afrika mwaka 2015. Anayekwenda masomoni kwa njia hiyo hukaa kati ya miezi 2 na 12, halipi karo wala ada ya mitihani au maabara katika chuo kinachompokea, na hupewa posho ya yuro 800 hadi 900 kwa mwezi kulingana na gharama za nchi, pamoja na mchango wa nauli. Hata hapo, jina hutoka chuoni kwenu. Ukikutana na ajenti anayedai pesa ili "akuingizie" nafasi ya kubadilishana, jua hana nafasi ya kuuza.

Baada ya mkataba wa vyuo huja mkataba wa masomo yako wewe, karatasi inayotiwa saini na pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachotuma na chuo kinachopokea. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua mwanafunzi wa sayansi ya bahari anayetaka kwenda muhula wa pili wa mwaka wa tatu. Kwao ana uniti sita. Ulaya, mzigo wa muhula ni krediti 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: mihadhara, maabara, kujisomea na mtihani. Uniti ya kawaida ya Kenya ni saa 45 za darasani, na ukiongeza kujisomea na kazi za ziada, kozi ya krediti 5 inaweza kusimama badala ya uniti moja. Sita kwa sita, hesabu inakaa. Anafungua orodha ya kozi za huko, anapata tano zinazolingana na zake. Ya sita, sheria za uvuvi za Kenya, haipo. Anaweza kuimaliza kabla ya kuondoka, kuahidi kwa maandishi kwamba ataifanya akirudi, au kuomba idara ikubali kozi nyingine mahali pake. Njia yoyote kati ya hizo inafaa, mradi mkuu wa idara ametia saini. Asiyelimaliza jambo hili mapema hurudi na alama nzuri ambazo hakuna anayejua aziweke wapi, na mahafali ya wenzake yanampita.

Kalenda nayo ina mtego wake. Muhula wetu wa Januari kwa kawaida huisha Aprili, na miezi ya Mei hadi Agosti wanafunzi wengi huwa kwenye mafunzo ya kazini. Katika nchi nyingi za Ulaya muhula wa pili huanza karibu na Februari na kwenda hadi Juni au Julai, yaani unayala mafunzo hayo. Kwa wengi, muhula wa Septemba ndio rahisi, ingawa nao huenda ukafika Januari au Februari kwa sababu ya mitihani. Vyuo vingi hupokea majina ya Septemba kuanzia Machi hadi Mei, na tarehe ya ndani ya chuo chako hutangulia hiyo kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi anayehesabu siku kwa tarehe ya tovuti ya kigeni huwa amechelewa.

Kisha kuna transkripti. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kenya anaijua adha ya alama zinazopotea: ulifanya mtihani, ulitia saini ya mahudhurio, lakini kwenye mfumo pana pengo. Kwa mwanafunzi wa kawaida pengo hilo linaweza kusubiri hadi mwaka wa nne. Kwa mwombaji halisubiri, kwa sababu kamati inapolinganisha wanafunzi kumi kwa nafasi mbili, mwenye transkripti isiyokamilika huwekwa kando kwanza. Mtafute mhadhiri wa uniti hiyo miezi sita kabla, si wiki ya mwisho, na ubaki na nakala ya kila karatasi.

Baada ya alama, majina. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa Mwanaasha kwenye kadi ya kliniki, Mwanaisha kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwanasha kwenye cheti cha KCSE. Jina la ukoo wa Kidigo nalo huweza kutajwa kwenye kitambulisho na kuachwa kwenye cheti. Kijijini wote wanajua ni mtu mmoja. Ubalozini ni watu watatu. Panga vyeti vyako mezani, usome herufi kwa herufi, na uanze marekebisho kabla ya kuomba pasipoti.

Kwa baadhi ya familia za Kwale tatizo hili lina mizizi mirefu. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi bila uraia hadi baada ya kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016. Wapemba wa pwani ya Kwale na Kilifi walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Mtoto wa nyumba hizo anaweza kuwa na alama bora darasani huku cheti chake cha kuzaliwa kikisubiri kitambulisho cha mzazi kilichotoka juzi. Kwake yeye, pasipoti ni kazi ya mwaka wa kwanza wa chuo, kabla hata ya kuchagua nchi.

Kuhusu fedha, kosa kubwa ni kuahirisha masomo kwenye rekodi za chuo ili uende ng'ambo. Anayekwenda kubadilishana hujisajili muhula huo kama wengine, akiandikwa kuwa yuko chuo fulani. Basari za Elimu ni Sasa za kaunti ya Kwale na mikopo ya HELB hufuata mwanafunzi aliyesajiliwa. Ukijiandika umeahirisha, unaweza kujikatia fedha hizo mwenyewe. Weka pia akiba ya viza, pasipoti na wiki za mwanzo, kwa maana posho huweza kuingia baada ya wewe kufika na kufungua akaunti.

Viza hutegemea nchi. Muhula wa Ulaya kwa kawaida huzidi siku 90, hivyo huombi viza fupi ya Schengen bali viza ya muda mrefu ya nchi yenyewe. Marekani hutaka uwe na fomu ya DS-2019 kutoka kwa anayekudhamini, nayo hutangulia miadi ya viza ya J-1. Baadhi ya wenye viza hiyo hulazimika kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Uingereza hutaka Mkenya anayekaa zaidi ya miezi sita apimwe kifua kikuu. Tenga pia siku za safari ya Nairobi, ambako balozi na vituo vingi vya kuchukua alama za vidole vipo.

Barua ya maombi nimeiacha hadi hapa makusudi, maana ndiyo wengi huanza nayo. Barua nyingi zinafanana: napenda tamaduni mbalimbali, nataka kupanua upeo. Wasomaji wa kamati wanazisahau kabla ya chai. Mwanafunzi wa Kwale ana jambo la kusema ambalo hawezi kulisema mtu wa Leuven wala Lisbon. Katika ghuba ya Gazi, karibu na Msambweni, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kuuza krediti za kaboni, na mapato yake yameingia kwenye maji na shule. Watafiti kutoka Brussels na Edinburgh wamekuwa wakija hapo kwa miaka mingi, wakipima mchu, mkandaa na mlilana. Ukiandika kwamba ulipanda miche, ukaona ile ya upande wa bahari ikifa na ya upande wa bara ikishika, na sasa unataka kujifunza kupima udongo wake katika maabara ya chuo fulani kwa mhadhiri fulani, kamati itaona sababu ya kukupeleka wewe badala ya mwingine. Anayesomea utalii afanye hivyo kwa msitu wa Kaya Kinondo. Anayesomea afya, kwa kichocho cha Msambweni.

Wageni hao wa Gazi wanatukumbusha pia kwamba kubadilishana kuna pande mbili. Mkataba ambao wageni wanakuja na wenyeji hawaendi, au kinyume chake, hufifia hadi ukafa usipohuishwa. Mwanafunzi anayejitolea kumpokea mgeni, kumwonyesha maktaba na kumvusha kivuko cha Likoni, huwa amejulikana katika ofisi ya ushirikiano wa kimataifa kabla hajapeleka maombi yake.

Kwa hiyo anayetaka kuondoka Septemba ijayo aingie idarani Septemba hii na maswali matatu: tuna mkataba hai na vyuo gani, idara yetu ina nafasi ngapi, na tarehe ya ndani ya kupeleka majina ni lini? Akijibiwa kwamba hakuna mkataba, aulize la nne: ni mhadhiri gani hapa anayefanya utafiti na wenzake wa nje? Mikataba mingi huanza na watu wawili wanaofanya kazi pamoja, na ombi la mwanafunzi mwenye transkripti kamili huwapa sababu ya kuandika barua ya kwanza.