Si kila waya huungwa kwa moto

Aghalabu kijana wetu anapoanza kujifunza elektroniki, chombo cha kwanza kutiwa mkononi mwake ni chuma cha kulehemu. Huyeyusha risasi kwa bashasha, moshi ukampanda puani. Akikosea, huyeyusha tena. Akirudia mara ya tatu, shaba iliyobandikwa ubaoni hubanduka, chipu huungua, na fedha za mzazi huwa zimekwenda arijojo. Fauka ya hayo, stima ikipotea, somo nalo hukoma.

Wahenga walinena kwamba kosa moja haliachi mke. Mbona basi tumfunze mwanagenzi kwa njia isiyomsamehe kosa? Ninashikilia kwamba angefaa kuanza kwa kuunga waya kwa kuuzungusha.

Mbinu hii si mzaha. Ilibuniwa nchini Marekani, katika maabara za Bell, mapema katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mitambo ya simu. Hata kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini mwaka wa 1969 ilikuwa na sehemu zilizounganishwa hivyo.

Siri yake ni hii. Soketi ya chipu huwa na miguu mirefu ya mraba, yenye unene wa milimita 0.64, inayochomoza chini ya ubao wenye matundu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.25 huambuliwa ganda kiasi cha sentimita 2.5. Ncha hiyo tupu hutiwa katika tundu la pembeni la kifaa chembamba mfano wa kalamu, nalo tundu la katikati huvikwa mguu wa soketi. Kisha vidole huzungusha. Waya hujisokota mara 7 hivi, na katika kila mzunguko pembe 4 kali za mguu huuma shaba kwa nguvu hata hewa isipate upenyo wa kuleta kutu. Hesabu mwenyewe, msomaji: mahali 28 pa kugusana, bila moto wowote.

Na ukikosea? Zungusha kinyume kwa kifaa cha kufungulia, waya utatoka. Utupe, ukate mwingine. Chipu yako ni nzima na ubao u tayari kwa kazi nyingine. Chunga tu usiuvute waya ukakaza kama uzi wa gitaa, maana pembe ya mguu wa jirani itapasua ganda lake.

Watakuwapo watakaosema kwamba viwanda viliiacha mbinu hii zamani. Ni kweli. Soketi hizo ni ghali, chipu nyingi za kisasa hazitoshei humo, na waya mwembamba hauhimili umeme mwingi. Lakini mwanafunzi si kiwanda. Kiwanda hutafuta wingi, ilhali mwanafunzi hutafuta kuelewa. Anayeunga waya mmoja mmoja, akiutia alama katika mchoro wake, huijua saketi yake kama ajuavyo njia ya kwao. Tena soketi moja yaweza kuhudumia madarasa kadhaa, mwaka baada ya mwaka.

Wakuu wa vyuo vya ufundi, mnapoagiza vifaa, visahaulikeje vifaa hivi vidogo? Kulehemu kutafunzwa kwa wakati wake. Kwanza tumpe kijana fursa ya kuunga, kukosea, kuungua na kuunga upya. Asiyeogopa kukosea ndiye atakayekuwa fundi.