Paja Lililoota Kucha

Pasua yai la kuku anayeishi na jogoo, ulimimine taratibu kwenye sahani. Juu ya kiini cha njano utaona doa jeupe la milimita chache. Hicho ndicho kifaranga, au tuseme ndicho kingekuwa kifaranga. Yai hukaa mwilini mwa mtetea kama siku nzima kabla ya kutagwa, na muda huo seli ya kwanza hugawanyika bila kupumzika. Linapotua kiotani, doa lina makumi ya maelfu ya seli, lakini hakuna hata moja ambayo shauri lake limeshakatwa kuwa moyo au jicho.

Tunajuaje? Mwaka 1960 Nelson Spratt na Hermann Haas, huko Marekani, walilikata doa la namna hiyo vipandevipande. Kipande kimoja kiliweza kujenga kiinitete kizima, hata kile ambacho kwa kawaida kisingepewa kazi hiyo.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Ukiipaka seli rangi na kuifuatilia, utajua njia inayopita siku zote, lakini hutajua kama imefungwa kwenye njia hiyo. Ili kulijua hilo, ihamishe. Ipeleke ugenini, utazame kama itashika desturi za wenyeji au itang'ang'ania za kwao. Mengi tunayoyajua kuhusu uamuzi wa seli za ndege yametokana na uhamishaji wa aina hii, na yai la kuku linaufaa sana: unatoboa kidirisha kwenye ganda, unafanya kazi yako, unaziba, unarudisha yai kwenye joto.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1957, la John Saunders na wenzake. Kiinitete cha siku tatu au nne huwa na vichipukizi vinne pembeni, viwili vya mabawa na viwili vya miguu, vyote vikifanana kama vipele. Saunders alichukua tishu kutoka shina la kichipukizi cha mguu, sehemu ambayo ingekuwa paja, akaipachika kwenye ncha ya kichipukizi cha bawa, chini ya ukingo wa ngozi unaoongoza ukuaji.

Ungetarajia nini? Paja lining'inie mwishoni mwa bawa? Au seli zile zikubali kuwa ncha ya bawa kama jirani zao? Halikutokea hili wala lile. Vilitokea vidole vya mguu, vyenye kucha.

Seli zile zilikuwa zimeshaamua kuwa mguu, na neno hilo hazikulirudisha. Lakini sehemu gani ya mguu, bado. Zilipojikuta nchani zilifanya kazi ya nchani, kwa lugha ya kwao. Kumbe uamuzi wa seli hauji kwa mkupuo. Huja kwa awamu, na awamu moja inaweza kufungwa huku nyingine ingali wazi. Baadaye jeni za awamu ya kwanza zilianza kufahamika. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba jeni iitwayo Pitx1, ambayo kwa kawaida hufanya kazi mguuni, ikiwashwa katika bawa la kuku, bawa huanza kuchukua sura ya mguu.

Mdomo nao una kisa chake. Mfupa wake hujengwa na seli zinazosafiri kutoka ukingo wa mrija utakaokuwa ubongo. Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms walizihamisha seli hizo kati ya bata na kware kabla hazijaanza safari. Bata aliota mdomo mfupi wa kware, na kware akaota mdomo mpana wa bata. Tena yai la kware huanguliwa kwa siku kama 17 na la bata kwa siku 28, na seli za kware zilizowekwa ndani ya bata ziliendelea kufuata kalenda ya kware.