"Haijafika" na "Haikufika": Kiambishi cha Kungoja katika Lugha ya Kompyuta

Mtu aliyesimama ufuoni Sena, kisiwani Mfangano, akiingojea mashua itokayo Mbita, ana kauli mbili za kukanusha. Akisema "mashua haijafika", bado anangoja. Akisema "mashua haikufika", hangoji tena. Ameanza kutafuta pa kulala. Tofauti hii ya -ja- na -ku- tunaifundisha mapema mno katika sarufi, na labda ndiyo sababu hatuistaajabii. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti iyo hiyo huwatatiza waandishi wa programu za intaneti, na kwamba wanaotafuta istilahi za fani hiyo wangefaa kuanzia hapo.

Programu ya kivinjari hutuma ombi kwa kompyuta iliyo mbali, wala haikai kusubiri jibu. Huendelea na kazi nyingine. Shughuli za namna hii twaweza kuziita shughuli zisizosubiriana. Ili jibu litakapokuja lijue pa kwenda, mwandishi hupewa kitu kiitwacho ahadi, jina lililopendekezwa na Daniel Friedman na David Wise mwaka 1976, likaingia katika lugha sanifu ya JavaScript mwaka 2015. Ahadi ina hali tatu: haijatimia, imetimia, imeshindikana. Ikisha kutoka katika hali ya kwanza hairudi tena. Mwandishi huifungamanisha na maagizo ambayo kwa Kiswahili yangekuwa *kisha*, ikitimia, *daka*, ikishindikana, na *hatimaye*, kwa vyovyote vile.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa dagaa (wenyeji husema omena) anayelipia nyavu kwa M-Pesa kupitia tovuti ya muuzaji. Tovuti hutuma ombi Safaricom na papo hapo hupata jibu lenye tarakimu 0, maana yake ombi limepokewa. Wako walioisoma sifuri hiyo kuwa malipo yamefanyika. Sivyo: simu ya mchuuzi ndiyo kwanza inamwomba namba ya siri. Matokeo yenyewe hufuata baadaye, katika anwani iliyotolewa na tovuti: 0, fedha zimelipwa, 1, salio halitoshi, 1032, mwenye simu amelifuta ombi, 1037, simu haikupatikana au muda umepita bila jibu. Na pengine, kwa hitilafu ya mtandao, matokeo hayaifikii tovuti kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Programu isiyotofautisha -ja- na -ku- itatangaza "malipo hayakufanyika". Mchuuzi atalipa tena, na jioni atakuta fedha zimekatwa mara mbili. Ilipasa kwanza iulizie hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, na wakati huo imwambie mteja "bado hatujapata jibu".

Kuna mtego mwingine. Kivinjari kikiagizwa kuleta ukurasa, nayo kompyuta ya mbali ikajibu 404, yaani ukurasa haupo, ahadi huhesabiwa kuwa imetimia. Mjumbe amerudi na jibu, ijapokuwa jibu lenyewe ni hapana. Ahadi hushindikana pale mjumbe anapokosa njia.

Kwa hiyo hali ya tatu tuiite nini? Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza ingetupa "imekataliwa", nalo lafaa kwa 1032 tu. Mtandao ukikatika, nani amekataa? "Imevunjika" lina mvuto, kwa kuwa Waswahili husema kuvunja ahadi, lakini lina harufu ya lawama. Mimi napendelea "imeshindikana": kiambishi -ik- hakimtaji mtenda, nayo sababu huachiwa tarakimu zieleze.

Kauli ya "bado" si mali ya Kiswahili pekee. Ng'ambo ya ziwa Mganda husema *tannajja* kwa mtu ambaye hajaja. Abasuba wa Mfangano nao wana lugha yao ya Kibantu, ingawa wengi wao siku hizi husema Kijaluo. Mwanafunzi atakayekwenda huko kukusanya istilahi asiishie kwa vijana wa kompyuta; awaulize na wazee jinsi Olusuba inavyoitaja mashua ambayo ingali ikingojwa.