Mchungaji anawalipia wengine hospitali, dawa zake anakosa

Kuna mchungaji mmoja ninayemfahamu kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayekuja wodini jioni, Biblia kwapani, kuwaombea wagonjwa. Zaidi ya mara moja nimemwona kwenye dirisha la malipo akitoa noti zilizokunjwakunjwa, anamalizia deni la muumini ili aruhusiwe kurudi nyumbani. Sura ya pili ni ya mgonjwa wangu wa presha.

Nimebadili mambo machache asitambulike, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike.

Alipoanza kliniki presha yake ilikuwa 170 kwa 100. Nikamwanzishia dawa moja. Aliporudi haikuwa imeshuka, nikaongeza dozi. Ikakataa tena, nikaongeza dawa ya pili, baadaye ya tatu. Kila mara nilimuuliza, "Mchungaji, dawa unameza?" Naye alinijibu, "Nameza, daktari. Mungu ni mwema." Nikaandika kwenye faili kwamba presha yake ni sugu.

Jumapili moja, baada ya ibada ya mavuno, aliletwa mapokezi akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari la muumini. Alikuwa ameanguka madhabahuni. Tulipompima, presha ilikuwa 85 kwa 50. Waliomleta walikuwa wakibishana nje: wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni uchovu. Mkewe alisubiri watoke, akasukuma mlango ukajifunga, akaniambia:

"Daktari, usimkasirikie. Dawa tulikuwa tunanunua vidonge kumi kumi. Vikiisha tunangoja Jumapili. Wiki hii alipata fedha, akanunua zote tatu, akaanza kuzimeza kama ulivyoandika."

Hapo nikaliona kosa langu. Nilikuwa nikiongeza dawa juu ya dawa ambazo hakuwa akizinunua. Siku alipozipata zote akazimeza zote, akiwa amefunga chakula na amesimama saa tatu kwenye joto, mwili haukuhimili. Nilimuuliza kama anameza. Sikumuuliza kama anazipata.

Kwa nini hakusema?

Swali hilo nilimuuliza alipopata nafuu. Akacheka kidogo, akasema, "Binti yangu, mimi ndiye ninayewaambia watu Mungu atatupatia. Nitasemaje kwamba sina elfu kumi ya dawa?"

Jibu hilo limebeba jambo ambalo nimeliona kwa wachungaji wengi na wake zao. Wapo wahubiri wenye magari makubwa mijini, na hao ndio tunaowaona kwenye televisheni. Lakini wachungaji wengi ninaowahudumia hawako hivyo. Baadhi ya madhehebu hulipa mshahara, bima na pensheni. Katika makanisa mengine mengi, hasa madogo yanayojitegemea, kipato cha mchungaji ni sadaka ya Jumapili. Jumapili ya mvua watu hawaji. Miezi ya kilimo fedha zote ziko shambani. Mchungaji anapanga bajeti ya mwezi kwa kutazama mawingu.

Matumizi nayo hayangoji. Akifiwa muumini, mchungaji ndiye wa kwanza kufika, na nauli ya bodaboda ni yake. Mgonjwa akizidiwa usiku, simu inayopigwa ni yake. Harusi, msiba, mwanafunzi asiye na daftari, vyote vinapita mlangoni kwake. Mgeni akija ni mgeni wa kanisa, lakini mchele ni wa mama mchungaji. Na mama huyo akifungua genge la nyanya, wapo watakaosema anaidhalilisha huduma.

Juu ya yote ipo nyumba. Familia nyingi huishi katika nyumba ya kanisa. Baba akistaafu au akifariki, wanatakiwa kuondoka kumpisha mwingine. Ndiyo maana baadhi yao huficha ugonjwa wenyewe, si umaskini tu. Mgonjwa wangu aliniambia wazi kwamba aliogopa wazee wa kanisa wakijua ana presha watamwona hafai, na watoto wake watahama shule katikati ya mwaka.

Mwili hulipa deni hilo

Hofu ya fedha haikai kichwani peke yake. Mtu anapoishi na wasiwasi kwa muda mrefu, mwili hutoa kwa wingi homoni kama adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huenda mbio, usingizi hukatika, na presha na sukari zinaweza kupanda. Mtu aliyelala saa nne akaamka saa nane usiku kuhesabu madeni hana nguvu ya kufanya mazoezi asubuhi.

Chakula nacho kina kitendawili chake. Mchungaji akitembelea nyumba tano kwa siku, anaandaliwa chai yenye sukari nyingi mara tano, na chapati au maandazi juu yake. Kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Hivyo baba ananenepa wakati nyumbani sufuria ni ya ugali na mchicha. Waumini wanamtazama wanasema sadaka zinamkubali. Hata sisi madaktari tunadanganyika: tunaona kitambi, hatudhani kwamba mwenye kitambi hana fedha ya dawa.

Haya si ya kwetu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wamefuatilia afya ya wachungaji wa kanisa la United Methodist katika jimbo la North Carolina. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, karibu wachungaji 40 kati ya kila 100 walikuwa na unene uliopitiliza, ilhali kwa wakazi wengine wa jimbo hilo walikuwa karibu 29. Mwaka 2013 wakachapisha kwamba sonona ilikuwa kubwa kwa wachungaji hao kuliko wastani wa taifa. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana nayo ni msukumo wa kazi na hisia ya hatia kwamba hawajafanya vya kutosha. Kama kazi hii inawachosha hivyo wachungaji wa kanisa kubwa na lililojipanga, fikiria wa kwetu anayengoja kapu la sadaka.

Dawa ya nusu nusu

Presha ya kuanzia 140 kwa 90, ikipimwa zaidi ya siku moja na kukutwa hivyo, inahitaji kushughulikiwa. Kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye jino linalouma atakopa leo leo. Mwenye presha anajisikia mzima, anaona fedha ya dawa inaweza kungoja. Miaka ikipita, moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaharibika kimyakimya. Wengi huijua presha siku ya kiharusi.

Ndugu msomaji, uwe mchungaji au la, kama fedha inakusumbua usifanye haya manne. Usigawanye kidonge ili kisukume siku. Usimeze siku unayoumwa kichwa tu. Usiazime dawa ya jirani kwa sababu naye ana presha. Na ukikaa muda bila dawa, usianze tena zote kwa mpigo. Rudi kwanza upimwe. Zipo dawa za presha na moyo ambazo kuziacha ghafla ni hatari kama kuzizidisha.

Badala yake, mwambie daktari sentensi hii moja: "Dawa hizi siwezi kuzinunua zote." Usione aibu. Kwetu hiyo ni taarifa ya kitabibu, sawa na kutuambia una mzio wa dawa fulani. Tukijua, tunaweza kukubadilishia dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile, kuchagua ya kumeza mara moja kwa siku, au kukuambia ipi ni ya lazima na ipi inaweza kusubiri. Tusipojua tutafanya nilichofanya mimi: kuongeza.

Kwa wazazi: mtazameni mtoto wa mchungaji

Wakati baba yupo kitandani, niligundua binti yao wa miaka tisa anakohoa. Ana pumu. Alikuwa na dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, ile ya dharura, lakini hakuwa na ile ya kuzuia, ya kutumia kila siku. Mama alieleza kwamba fedha ilitosha moja, wakachagua inayoonekana kufanya kazi haraka.

Wazazi wengi hufanya hivyo. Dawa ya dharura hufungua njia ya hewa kwa saa chache lakini haitibu uvimbe uliomo ndani. Mtoto anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa na kikohozi usiku, pumu yake haijadhibitiwa. Mrudisheni kliniki kabla hajaletwa akitweta.

Watoto wa nyumba hizi pia wana mzigo usioonekana. Wanasikia baba na mama wakinong'ona usiku juu ya ada na michango, na asubuhi wanaambiwa wasiseme lolote nje. Mtoto anayetunza siri ya wakubwa anaweza kuanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au kushuka darasani. Kwanza apimwe magonjwa ya kawaida kama minyoo, maambukizi ya mkojo na upungufu wa damu. Yasipoonekana, kaa naye umwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake: "Fedha ni kidogo mwezi huu, si kosa lako, na sisi wazazi tunashughulikia." Sentensi hiyo humpunguzia mengi.

Baba au mama naye ajiulize maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, siku nyingi nimejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Nimekosa hamu ya mambo niliyokuwa nayafurahia? Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo, mwone mhudumu wa afya. Ukianza kufikiri ni heri usingekuwepo, usingoje kesho. Mwambie mtu leo na ufike hospitali. Sonona ni ugonjwa kama malaria. Haipimi imani ya mtu. Vilevile kuomba na kumeza dawa havigombani.

Pa kuanzia

Kwanza, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ulizeni katika kituo chenu cha afya au ofisi ya kata ni utaratibu gani unaofaa kaya yenu kwa sasa na mchango wake ni kiasi gani. Kulipia bima wakati wa mavuno, fedha ikiwepo, ni rahisi kuliko kutafuta fedha ya upasuaji usiku.

Pili, misamaha. Kwa sera ya afya ya Tanzania, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo husamehewa gharama katika vituo vya umma. Asiye katika makundi hayo na hana uwezo aombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi yake haipo kwa ajili ya watu fulani tu.

Tatu, wazee wa kanisa na waumini. Kumpa mchungaji kuku na mkungu wa ndizi ni upendo, lakini duka la dawa halipokei ndizi. Kaeni mwulize mambo matatu: familia ina bima? Baba na mama wamepimwa presha na sukari mwaka huu? Akiugua au akistaafu, familia italala wapi? Ulizeni mapema, kabla ya msiba, na msimfanye aombe.

Kwa mgonjwa wangu, alianza mkewe. Yeye ndiye aliyemwambia mzee mmoja wa kanisa, nje ya zahanati, kwamba mchungaji aliangushwa na dawa za nusu nusu. Hakuna aliyemfukuza. Mtunza hazina aliuliza bima ya kaya ni kiasi gani, na wiki mbili baadaye ilikuwa imelipiwa kutoka fungu lilelile la kusaidia wagonjwa ambalo mchungaji alikuwa akiligawa kwa wengine. Nikampunguzia dawa zikabaki mbili, zote za bei nafuu. Kliniki iliyopita presha ilikuwa 136 kwa 84. Binti anatumia dawa yake ya kuzuia pumu, na mama anasema sasa nyumba nzima inalala.

Mimi nami nimebadili swali langu. Sasa kwa kila mgonjwa, kabla sijaongeza hata kidonge kimoja, nauliza: "Dawa za mwezi uliopita, ulizipata zote?" Ukija kliniki na daktari akasahau kukuuliza, mjibu hata hivyo.

Tukutane wiki ijayo.